Buti la mzee au raba mpya: nipeleke ipi kwenye shindano la picha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimejiandikisha kwenye shindano la wapiga picha wa ridhaa, mada yake ni viatu na buti, na kila mtu anatuma picha moja tu. Natumia simu, kamera sina. Nina raba mpya nyeupe, nimezipiga juu ya shuka jeupe lakini zinatoka kijivu halafu pua imevimba vibaya. Pia kuna buti za kazi za mzee wangu, yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, ni za zamani sana, zimejaa vitobo na moja kamba yake iliungua akafunga na waya. Wengine wananiambia peleka raba maana ni safi, wengine wanasema piga buti ziwe nyeusi na nyeupe. Nipeleke ipi na nipigeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Peleka buti. Na sio kwa sababu ni kuukuu, ni kwa sababu ya huo waya uliutaja mwishoni kama vile hauna maana, kumbe ndo picha yenyewe.

Nikueleze kwa nini. Nimekaa meza ya majaji kwenye mashindano madogo madogo ya aina hii, na mada ya viatu ikitangazwa kinachokuja kinajulikana kabla hata hakijafika. Kuna fungu la viatu visafi kwenye kitambaa cheupe, vimekaa kama tangazo la dukani, na kuna fungu la buti kuukuu mbili zimewekwa sambamba juu ya mbao, nyeusi na nyeupe, chini pameandikwa "Safari" au "Safari ya Maisha" au "Mwisho wa Safari". Sikutanii, ni nusu ya meza hiyo. Jaji akishaona buti la kumi halioni tena, anaona fungu. Sasa ukichukua buti za mzee ukazipanga pamoja, ukasimama juu yake ukapiga kwenda chini, ukaondoa rangi, umejipeleka mwenyewe kwenye fungu.

Kuchakaa peke yake sio habari, kila kiatu duniani kinachakaa. Habari ni kimechakaa wapi na kwa nini pale. Watu wengi kisigino huisha upande wa nje kwa nyuma maana ndo pa kwanza kugusa chini tukitembea, kwa hiyo kisigino kilicholika hakitofautishi mtu na mtu. Lakini angalia kiatu cha mtu wa pikipiki, pikipiki nyingi gia inabadilishwa kwa mguu wa kushoto, basi utakuta kiatu cha kushoto kina mchubuko juu karibu na vidole na cha kulia hakina. Fundi wa vigae anapiga magoti kutwa, buti lake limekunjika na kupasuka pale vidole vinapopinda na pua imesagika kwa mbele. Na mchomeleaji, hapo ndo kwenye buti zako, cheche zinaanguka kutoka juu, ni matone ya chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo vitobo viko mgongoni mwa kiatu, yaani upande wa juu, kwenye ulimi na kwenye kamba. Ngozi inavumilia kidogo ila kamba ya nailoni inayeyuka haraka. Mzee akaona aweke kitu ambacho cheche haitakila. Mtu yeyote akiona ule waya anaweza kuwaza mwenyewe kazi gani inayounguza kamba za viatu, na jaji akianza kujiuliza swali mbele ya picha yako ameshaacha kupitisha picha kwa kidole.

Sio kwamba nakukataza kiatu kikuukuu kilichotulia tu, wakubwa wameshafanya. Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alichora jozi ya buti zilizochakaa mwaka 1886 na mpaka leo watu wanabishana zilikuwa za nani. Mpiga picha Walker Evans mwaka 1936 kule Alabama, Marekani, alipiga viatu vya kazi vya mkulima wa pamba anaitwa Floyd Burroughs, viatu vitupu tu juu ya udongo, hakuna mtu, na ni picha kubwa. Ila ukiiangalia vizuri hakuna uzee wa jumla jumla pale, kila mkunjo unauona ulivyo, vumbi liko pale linapokaa, kamba zimekaa zilivyoachwa. Halafu kuna upande mwingine kabisa wa mada hii ambao watu wa mashindano wanausahau, ucheshi. Mpiga picha Elliott Erwitt aliishusha kamera mpaka chini New York mwaka 1974, fremu nzima ni miguu mirefu ya mbwa mkubwa, pembeni buti za mwanamke, na pembeni tena kijibwa kidogo kimevaa kofia kinakutazama. Buti ziko pale katikati na hakuna anayelia. Ningekuwa nakutana na picha moja ya hivyo kwenye kila shindano ningefurahi sana, lakini haya, turudi kwako.

Pua iliyovimba. Simu yako haina ubovu, umeisogeza mno. Lensi kuu ya simu ni pana, na ukitaka kiatu kijae fremu unajikuta unaisogeza karibu, sasa piga hesabu: kiatu kina urefu kama sentimita 30, ukiweka simu sentimita 15 kutoka puani basi kisigino kiko sentimita 45, yaani pua inatoka kubwa mara 3 kuliko inavyostahili ikilinganishwa na kisigino. Rudi nyuma mpaka mita moja na nusu, pua iko sentimita 150 na kisigino 180, tofauti inabaki mara 1.2 tu na kiatu kinaonekana kiatu. Ukubwa urudishe kwa zumu. Kama simu yako ina lensi ya pili ya kuvuta mara 2 au 3 tumia hiyo, kama haina basi piga hivyo hivyo ukate baadaye, ni bora picha yenye pikseli pungufu kuliko kiatu chenye pua ya ajabu. Kinachoharibu umbo ni umbali, wengi wanailaumu lensi.

Kijivu nacho kina sababu yake. Kamera haijui kama kitu ni cheupe au cheusi, inakadiria kwamba kinachoonekana kwa wastani ni kijivu cha katikati, kile wapiga picha wanachosema kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiipa raba nyeupe juu ya shuka jeupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, unapata kijivu. Ukiipa buti jeusi juu ya sakafu nyeusi inaona giza, inaongeza, jeusi nalo linatoka kijivu kama limemwagiwa majivu. Dawa ni moja: gusa kiatu kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ijifunge, halafu buruta mwanga juu kama kitu ni cheupe, chini kama ni cheusi. Kwenye kamera ni hatua moja hivi, yaani mwanga mara mbili au nusu yake, wakati mwingine hatua moja na nusu. Mpaka wa kupandisha ni uzi. Ukiona mishono ya raba imeanza kupotea umezidisha, rudisha kidogo. Na siku ukitaka kweli kupiga cheupe juu ya cheupe tafuta makaratasi mawili meusi, yasimamishe kushoto na kulia kwa kiatu nje kidogo ya fremu, kingo za kiatu zitaakisi ule weusi na utapata mstari mwembamba unaokitenganisha na shuka. Na raba zijaze karatasi ndani zisibonyee. Basi, raba tumezimaliza, hazikwenda popote.

Buti sasa. Usithubutu kupaka kiwi. Usifute vumbi la chuma. Kinachotoka ni kile tu ambacho hakihusiani, tope la jana, jani, uzi wa nguo ulionasa. Na usizijaze kitu, ulegevu wa ngozi pale kifundoni ni umbo la mguu wa mzee mwenyewe.

Mwanga uwe wa dirishani au mlangoni, upande mmoja tu, na taa ya ndani izime kabisa. Taa nyingi za nyumbani zina mwanga wa njano na dirisha lina mwanga wa buluu, ukichanganya unapata buti lenye shavu la njano na shavu la buluu na ni vigumu kuyanyoosha hayo kwenye programu bila kuharibu kingine. Weka buti ili mwanga upite ukiparuza juu ya ngozi, karibu usawa wa ngozi yenyewe, sio ukitoka mbele. Mwanga wa mbele unajaza kila shimo na vitobo vyako vinakuwa madoa. Mwanga wa kuparuza unaacha kila kitobo na ukingo wake, upande mmoja unang'aa na mwingine una kivuli, ndo unaona kwamba ni tundu limeungua na sio tone la rangi. Flashi ya simu isahau kwamba ipo.

Waya ni kesi ya peke yake. Ngozi ikiwa na mng'ao unaosumbua unaweza kuipunguza kwa filta ya polaraizi hata ukiishika tu kwa mkono mbele ya lensi, lakini kwa chuma filta hiyo haisaidii, chuma kinaonyesha kile kilichoko mbele yake. Kama mbele yake kuna giza waya utatoka mweusi na utapotea kwenye buti jeusi, picha yako imekufa. Kwa hiyo upe waya kitu cheupe cha kuakisi: chukua karatasi nyeupe, iinamishe juu ya kiatu nje ya fremu, isogeze taratibu huku unaangalia kioo cha simu, kuna sehemu utaona mstari mweupe unakimbia juu ya waya kutoka tundu hadi tundu. Simama hapo hapo. Mtu wa kukushikia karatasi ni muhimu kuliko stendi ya bei.

Buti mbili au moja? Mimi ningeweka zote mbili, lile lenye waya mbele, lenye kamba ya kawaida nyuma na limekatwa kidogo na fremu. Sababu ni kwamba waya peke yake mtu anaweza kudhani ni mtindo, akiona na kamba pembeni anajua hili lilitengenezwa. Shusha simu mpaka usawa wa matundu ya kamba, sio juu. Kama simu ni ndefu igeuze kichwa chini, lensi ije upande wa chini, utafika chini zaidi bila kulala kifudifudi. Sehemu ya kuweka iwe pale pale mzee anapofanyia kazi kama panafaa, sakafu yenye madoa ya moto inaongea lugha moja na kiatu, ila angalia nyuma kusiwe na ndoo ya buluu au mfuko unaong'aa, jicho litakwenda huko kwanza.

Ile hali ya picha ya mtu yenye ukungu nyuma (portrait), izime. Simu inakisia kitu kinaishia wapi, na kwenye kamba za viatu inakosea mara nyingi, utakuta kitanzi cha kamba nusu kimekatwa na nusu kimebaki, na waya unaojipinda hewani ndo kabisa, itaufuta kama haupo. Jaji akikuza anaona. Acha fokasi ya kawaida, gusa kwenye waya.

Na kuna picha ningeipenda zaidi ya zote, kama mzee atakubali: mikono yake ikikaza ule waya asubuhi kabla hajaanza kazi. Vidole, waya, ulimi wenye vitobo, basi, hakuna sura. Usimwambie "fanya hivi", kaa pale mapema, mwache afunge viatu kama siku zote, ushike kitufe simu ipige mfululizo maana ndani ya karakana mwanga ni mdogo na mikono inatembea, kati ya nyingi utapata moja mikono imetulia. Sio ajikaze kwenye pozi, watu wakiambiwa wapozi vidole vinakakamaa na inaonekana. Ila kumpiga akiwa anachomelea mimi nisingekushauri, ule mwali unaumiza macho hata ukiutazama kupitia pembeni, simu nayo ukiielekeza kwenye mwali inaweza kuharibika sensa, ile sehemu inayopokea mwanga, na zaidi ya hayo cheche zitameza kila kitu, itakuwa picha ya cheche na mada yako ni viatu.

Wanaosema uondoe rangi wana hoja kwa viatu vingi lakini hapa nawapinga. Ngozi iliyoungua ina kahawia yake pembezoni mwa tundu, kutu ina rangi yake, waya una rangi yake. Ukiziondoa vyote vinakuwa kijivu cha jirani jirani, vitobo vinafanana na uchafu. Jaribu toleo zote mbili uziangalie zikiwa ndogo kama stempu, kwa sababu mashindano mengi raundi ya kwanza picha zinapitiwa ndogo na kwa haraka. Ile ambayo waya unaonekana ikiwa ndogo ndiyo ya kutuma. Kama hauonekani kwenye toleo lolote rudi ukapige upya, sogea, fremu yako ina nafasi tupu nyingi.

Kuediti usizidishe. Nyoosha, kata, ongeza giza na mwanga kidogo, basi. Usifute kitu wala kuongeza kitu hata kama ni kijiti kidogo, mpaka usome sheria zao zinasemaje. Haya mambo wanayashika kweli, mwaka 2015 World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, waliondoa asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimefika raundi ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uchakachuaji, na hao walikuwa wapiga picha wa kazi. Mwaka 2023 Boris Eldagsen, Mjerumani, alishinda kipengele kwenye Sony World Photography Awards kwa picha ya akili mnemba halafu akaikataa zawadi mwenyewe ili watu wajadili. Waandaaji wengi wanaomba faili la awali kama lilivyotoka kwenye simu. Kwa hiyo usilifute, na editi kwenye nakala. Programu zile za "boresha picha" kwa kubonyeza mara moja nyingine zinabuni mishono ambayo haipo, kaa mbali nazo.

Soma pia wanasema ridhaa ni nani, maana wengine wanaangalia kama unapata kipato kutokana na picha, na kama umewahi kulipwa harusi moja mbili waulize kabla, usije ukavuliwa zawadi baadaye. Angalia kipengele cha haki: kuomba ruhusa ya kuitumia picha yako kutangaza shindano lao ni kawaida, lakini ikiandikwa kwamba haki zote za picha zinahamia kwao, hata kwa watakaoshindwa, mimi hapo nisingetuma. Mikono ya mzee haina sura lakini mwombe ruhusa tu kwa maandishi, mistari miwili inatosha. Nembo kubwa ya kampuni kwenye kiatu nayo wengine wanaikataa, kwa buti zako sidhani kama nembo imebaki.

Jina la picha liwe fupi na liseme kitu ambacho picha haijasema. "Waya" sio baya lakini waya unaonekana tayari. "Kamba ya nne", kama kweli ameshaunguza tatu, hilo ni jina. Muulize mwenyewe ameshabadilisha ngapi, usibuni. Neno safari liache lilivyo.

Mwisho kabisa faili. Kama wanataka upande mrefu uwe na pikseli kadhaa fuata hiyo hiyo, JPEG, rangi za sRGB, yaani mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini, bila jina lako juu ya picha maana mengi yanahukumiwa bila majina. Na ukimtumia rafiki mwenye kompyuta akupakilie, usiitume kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, inabanwa na ukingo wa vitobo vyote unalainika. Itume kama dokumenti, halafu mwambie aifungue aikuze kabla hajabonyeza kutuma, aone kama mstari ule mweupe juu ya waya bado upo.